Baba Yako Hakukosea Kipimo

Matogoro, Songea
6 Mei 2024

Mwanangu mpendwa Ignas,

Pokea salamu za mama yako. Mimi ni mzima, kile kifua kilichonisumbua wakati wa mvua kimeondoka chenyewe kwa aibu baada ya kuona sikitilii maanani. Natumaini wewe na mkeo Beata hamjambo huko Mbamba Bay.

Wakati unasoma barua hii utakuwa umesimama mbele ya gunia lililofungwa kamba za katani. Usilikate kwa kisu, gunia nalitaka. Ndani kuna injini. Umesoma vizuri, mwanangu: injini ya mashua, ile ya kuning'iniza nyuma, nguvu ya farasi wanane. Nimeuza nguruwe wangu wote, amebaki yule dume mkorofi ambaye hata mnunuzi alimkimbia. Usinipigie simu kuniuliza kwa nini. Tangu Agosti iliyopita, upepo wa mwera ulipokuvunjia mlingoti ukaelea kutwa nzima kama gogo, mimi kila nikisikia bati linapiga kelele naona tanga lako. Mimi Kunegunda siogopi kitu duniani, ila maji ya ziwa nayaogopa. Tanga linausubiri upepo, injini haimsubiri mtu.

Ubao mnene uliomo ndani ni wa kufungia injini. Aliyeniuzia alisema bila ubao mgumu nyuma, injini inakula mbao za mashua mpaka inaanguka majini na kwenda zake. Nimemchongesha seremala Remigi, ni wa mninga mkavu, kwa vipimo nilivyovitoa mwenyewe kwenye daftari la marehemu baba yako. Remigi alitaka kuacha nafasi ya kidole, "kwa usalama, mama." Nikamwambia, kijana, fundi Leo hakukosea kipimo hata siku moja, chonga kama ilivyoandikwa. Alichonga.

Katika mfuko wa bluu kuna koti la kijivu la baba yako. Si lako. Ni la yule Msamaria aliyekukuta ziwani akakufunga kamba akakuvuta kwa kasia hadi nchi kavu. Nimemtolea nia ya misa mara mbili na jina lake silijui mpaka leo, kwenye karatasi niliandika tu "aliyemvuta mwanangu". Mwambie hilo si la mtumba, limeshonwa na fundi Majidi wa Majengo. Halitamkaa. Unajua baba yako bega la kulia lilishuka tangu kuzaliwa, kama la mama yake, na Majidi alilikata hivyohivyo. Wewe ulitoka na mabega yangu, namshukuru Mungu. Lakini baridi ya Julai haichagui bega, atajifunika.

Nijibu kwa barua. Simu inameza maneno, halafu barua naisoma Jumamosi kwenye sala za Jumuiya. Theodosia anatuimbia kila wiki lori la mwanawe la Namtumbo, lori la tumbaku, lori la mahindi, tumechoka. Sasa asikie habari za injini.

Kaza vibano vya injini kabla ya kila safari, maana vinalegea kwa mtetemo.

Ni mimi mama yako,
Kunegunda, mjane wa fundi Leo mjenga mashua


Mbamba Bay
14 Mei 2024

Mama, shikamoo.

Mzigo umefika salama, Hamisi kondakta wa basi aliushusha mwenyewe, hakuuburuta. Mama, sijui niseme nini. Beata alilia. Mimi niliizunguka ile injini kama mtu anayenunua ng'ombe.

Tatizo ni ubao. Haukai. Mashua yetu imechongoka mbele na nyuma kama ganda la njegere, nyuma hakuna mahali bapa pa kubandika kitu chochote, sembuse ubao wa futi mbili na inchi tatu. Nilijaribu njia nyingine: nilikingamisha mti juu, nikaining'iniza injini ubavuni. Tulipoiwasha, mashua ikalala upande, ikawa inazunguka palepale kama mtu aliyesahau alichofuata. Tukanywa maji kidogo. Si mengi, usiogope.

Koti nimelifikisha. Amesema asante sana.

Mama, hivi vile vipimo ulivitoa ukurasa gani wa daftari?

Mwanao,
Ignas


Matogoro
19 Mei 2024, Jumapili ya Pentekoste

Mwanangu Ignas,

Marahaba.

Barua yako sikuisoma kwenye Jumuiya. Niliwaambia imechelewa kwa sababu ya barabara. Nitasomaje mbele ya Theodosia kwamba mashua inazunguka?

Sasa nisikilize. Ukurasa ni ule wenye picha. Ameichora mashua kwa penseli, kwa pembeni na kwa nyuma, na nyuma yake ni bapa kama mlango wa kabati. Ameandika mwenyewe: upana wa nyuma juu, futi mbili inchi tatu, chini, futi moja inchi kumi, kimo chake, unene wa mbao, hata misumari ya shaba ameihesabu. Na tarehe ipo, Agosti 2015. Hiyo ni ile miezi miwili aliyokaa ziwani akiikarabati mashua yako, wewe ukiwa shuleni. Alirudi amekonda kama fito, mikono imejaa lami, na tenga la samaki, mbasa wa kukaushwa. Hakuna mume wa Matogoro aliyewahi kukonda kwa ajili ya mashua ya mtoto wake, wengine wanakondeshwa na pombe ya ulanzi.

Kwa hiyo aliibadilisha nyuma, wewe huoni tu. Siku ya kuizindua mimi nilikuwepo, padre aliinyunyizia maji ya baraka, jina langu likiwa mbele kwa rangi nyekundu, KUNEGUNDA, herufi kubwa. Nyuma ilikuwa majini na mimi majini siingii, lakini baba yako namjua. Aliwahi kunipimia kitanda kwa macho tu, na kitanda kikapita mlangoni kikiwa kimebaki unene wa sarafu.

Nenda tena ufukweni na ubao wako. Uuweke taratibu. Utakaa.

Mama yako,
Kunegunda, mjane wa fundi Leo

Halafu yule mama anayekausha samaki vizuri, aliyekuwa anamuuzia baba yako, bado yupo? Mvuno wa maharage ni mzuri mwaka huu. Kila mwaka nilikuwa namfungia debe baba yako ampelekee, kwa shukrani ya samaki. Tangu afariki sijampelekea mtu. Nitampa Hamisi, wewe umfikishie.


Mbamba Bay
11 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Tumefunga injini. Ubao umekaa, haukuhitaji hata kupigwa randa. Tulienda Liuli na kurudi na abiria kumi na mizigo ya mihogo, upepo ukiwa unatupiga usoni, na tulifika kabla chai haijapoa kwenye chupa.

Ulisema kweli. Baba hakukosea.

Maharage yamefika. Yule mama anashukuru.

Mwanao,
Ignas


Matogoro
17 Juni 2024

Ignas wangu, mwana wa baba yako,

Marahaba, marahaba mara saba!

Nilijua! Nilijua! Hii barua niliisoma Jumamosi nikiwa nimesimama, wengine wote wamekaa, na niliposoma "haukuhitaji hata kupigwa randa" nilinyamaza kidogo ili iwaingie. Mwenyekiti akapiga makofi. Theodosia akasema, "Lori nalo linapakia tani saba, Mama Ignas." Nikamwambia, "Lori lako likifika kwenye maji linafanya nini, mwenzangu? Linanawa?" Walicheka mpaka sala ya kufunga ikachelewa.

Nimewaeleza jinsi ulivyoacha kazi nzuri ya mizani ya tumbaku kule Namtumbo, siku arobaini za baba yako hazijaisha, ukasema mama, mimi nakwenda ziwani kuilinda mashua ya baba. Wapo walionicheka wakati ule. Leo wanataka picha. Wanasema maneno ni maneno, tuione. Nitumie picha, ila isiwe ya kwenye simu, nenda ukaisafishe studio, kubwa, nyuma ya mashua ionekane vizuri na ubao wangu na injini. Nitaiweka kwenye fremu chini ya picha ya baba yako.

Mama yako anayetembea amenyoosha shingo,
Kunegunda, mjane wa fundi Leo


Mbamba Bay
28 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Picha hiyo hapo. Aliyepiga ni Beata, ndiyo maana imeinama. Iangalie kwanza wewe mwenyewe.

Ignas


Matogoro
7 Julai 2024

Ignas,

Umeandika niiangalie kwanza mwenyewe. Nilidhani ni kwa sababu imeinama.

Bahasha sikuifungua nyumbani. Niliipeleka kwenye Jumuiya hivyohivyo imebandikwa, nikaichana mbele yao, nikaipitisha kwa watu kabla ya kuiangalia hata mimi. Ilianzia kwa Mwenyekiti. Wakasema lo, injini hiyo. Wakasema tazama ubao ulivyokaa. Ikafika kwa Theodosia. Theodosia hakusema habari za lori. Aliiweka karibu na macho, akaiweka mbali, akasema, "Mama Ignas, mbona marehemu Leo yumo kwenye mashua?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Halafu picha ikanifikia.

Kuna mtu ameketi nyuma, ameshika mkono wa injini, ametupa mgongo. Amevaa koti la kijivu la Majidi. Hilo nalielewa, nililituma mimi. Nilichotazama ni bega. Koti lile halina mwenyewe mwingine duniani, hata wewe mwanawe ulipolijaribu siku ya arobaini lilikuning'inia kama gunia kwenye mti. Huyu limemkaa. Bega la kulia limeshuka mahali pake, hakuna hata kunyanzi. Na shingo. Ignas, ile shingo nimelala nayo kitanda kimoja miaka ishirini na saba.

Picha ikazunguka tena, kila aliyeiangalia aliinamisha kichwa. Theodosia ndiye aliyeanzisha Salamu Maria, kunisitiri. Theodosia! Nimesitiriwa na Theodosia.

Nyumbani nililifungua daftari. Mashua yako ipo, ukurasa wa mwanzo, 2010, imechongoka pande zote kama ulivyosema. Ile ya mlango wa kabati ipo mbele, imechorwa upya, ina mkuku wake, ule uti wa chini wa mashua, na mbao zake. Mtu akikarabati hachori mkuku upya. Hata mimi wa darasa la saba naliona hilo. Sikuliona mwanzo kwa sababu sikuwa natafuta.

Umeandika "tumefunga". Hukuandika tumefunga kwenye mashua gani.

Nani huyo?

Umenipigia simu mara kumi na moja tangu jana, nadhani Hamisi amekuambia picha imefika. Sipokei. Kwenye simu wewe utalia, mimi nitalia, mambo yatapita. Andika.

Mama yako


Mbamba Bay
15 Julai 2024

Mama, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nne. Nakuomba usiisome mbele ya watu.

Anaitwa Kajetani. Ana miaka ishirini na minne. Ni mtoto wa baba. Mama yake ni Oliva, yule mama wa samaki.

Baba aliniambia mwenyewe alipokuwa wodini, wiki mbili kabla hajafariki. Wewe ulikuwa umekwenda kumchemshia uji. Alisema, "Mashua ziko mbili, moja yako na moja ya mdogo wako, na mdogo wako hana mtu." Alisema, "Mama yako usimwambie mpaka nitoke hapa, nitamwambia mwenyewe." Hakutoka. Mimi nikabaki nimeshika neno ambalo si langu, sikujua pa kuliweka. Sikuja ziwani kulinda mashua, mama. Nilikuja kumwona. Nilitaka nimchukie kwa karibu.

Sikuweza. Ni mtu mpole, hana maneno. Agosti ile mlingoti ulipovunjika, watu wote walivuta vyombo vyao nchi kavu. Yeye alishusha chake. Msamaria uliyemwombea misa ni yeye.

Injini niliihangaikia kweli. Ile ya ubavuni nusura ituue. Siku moja yeye aliuchukua ubao wako, akauangalia, akaenda nao kwenye mashua yake bila kusema kitu, akauweka nyuma. Mama, ulikaa. Hakukubakia nafasi ya ukucha. Sasa anatangulia na injini, mimi nafuata na Kunegunda. Upepo ukikataa ananivuta kwa kamba. Injini ni moja, mashua ni mbili, hakuna aliyepunjwa.

Ningekuambia. Kila barua nilisema hii ndiyo. Lakini nilijua zinasomwa.

Nisamehe.
Ignas


Matogoro
19 Julai 2024

Ignas,

Shikamoo yako siitikii.

Miaka mitatu. Nilikuwa nachemsha uji. Ningali na kile kikombe.

Baba yako amekufa, siwezi kumwuliza, nikimwuliza nitaonekana kichaa naongea na picha. Kwa hiyo hasira yake utaibeba wewe uliye hai. Ulinitazama usoni krismasi tatu. Ulikula kuku wangu. Beata alinisuka nywele akiwa anajua. Nilipowaambia watu mwanangu ameacha mizani kwa ajili ya heshima ya baba yake, ulikuwa umekaa kwenye kigoda kile cha jikoni, ukainama ukafunga kamba ya kiatu. Nakukumbuka. Nilidhani ni unyenyekevu.

Na samaki! Nilimsifu yule mwanamke mtaa mzima. "Njooni muonje mbasa wa Leo, kuna mama huko anajua kukausha." Miaka yote ile debe la maharage, nililipepeta mwenyewe, nikatoa mawe moja moja, asije akavunjika jino.

Hukusema kwa sababu barua zinasomwa. Sawa, hilo ni langu, nalichukua. Lakini ulikuwa na mdomo, na basi linakuja Songea kila siku.

Injini ni ya nguruwe wangu. Si ya baba yenu. Ifungueni muirudishe, na koti lirudi. Ubao pia.

Kunegunda


Mbamba Bay
2 Agosti 2024

Mama Ignas, shikamoo.

Mimi ni Kajetani. Sijui kama utaisoma, lakini mzigo hauendi bila barua.

Injini tuliifungua siku ileile barua yako ilipofika. Hamisi hakuwa na nafasi ya mzigo mzito mpaka leo. Nimeifuta jasho la mikono na mafuta, pangaboi lake halijagonga jiwe hata mara moja. Koti limo ndani ya mfuko uleule wa bluu. Nililivaa mara sita, mama yangu amelifua.

Ubao sikuutoa. Niliubandika kwa lami na skrubu za shaba, ukiubandua unang'oka na nyuma ya mashua. Kama ni lazima niambie, nitaikata mashua.

Ignas amenikataza nisikuandikie hili, ila naandika. Hajakujibu kwa sababu mkono wake wa kulia umefungwa. Tarehe thelathini mwera ulikuja ghafla, alikuwa amebeba wanawake wawili wa Liuli na watoto. Upepo uligeuza tanga, mti wa tanga ukampiga, mkono ukavunjika chini ya kiwiko. Nilikwenda kwa kasia kama mwaka jana, ila safari hii nilichelewa kufika, mawimbi yalikuwa makubwa. Watu wote wazima. Mkono daktari amesema utaunga.

Mimi nilikuona mara moja. Siku ya kuzika nilikuja, nilibeba jeneza upande wa kushoto nyuma. Baadaye ulizunguka na jagi ukinawisha watu, ukanimiminia maji. Ukaniuliza, "Umetoka wapi, baba?" Nikasema ziwani. Ukasema, "Pole na safari, kula ushibe." Nilikula.

Mashua yangu haina jina mpaka leo. Mzee hakuipa.

Nakuomba radhi kwa jambo ambalo sikulifanya mimi lakini ndilo mimi.

Kajetani


Matogoro
12 Agosti 2024

Kajetani,

Marahaba.

Naitikia kwa sababu nilifundishwa kwamba shikamoo ya mtu haiachwi ianguke chini, hata ikitoka kwa nani. Usiweke kitu kingine juu ya neno hilo.

Injini imeondoka na Hamisi tangu Jumanne tarehe sita, nadhani umeshaipokea. Barua inafuata nyuma kwa sababu injini ilikuwa na haraka, mimi sina. Ilikaa sebuleni kwangu siku chache tu, nimeifunika kitenge. Theodosia alikuja kunijulia hali, akauona mguu wake wa pangaboi umetokeza, akauliza, "Imeharibika?" Nikamwambia hapana, imekuja kusalimia. Hakucheka. Alishika upande mmoja, mimi upande mmoja, tukaibeba mpaka kwenye toroli. Ana nguvu yule mwanamke.

Usielewe vibaya. Sijasamehe mtu. Mwera hauna habari na hasira zangu, basi. Wanawake wawili na watoto kwenye mashua yenye jina langu, na mimi nimeketi huku na injini chini ya kitenge, hapana. Nikasema Kunegunda, hilo hapana.

Kwa hiyo shika haya. Injini ni yangu, mmeazimwa. Ikae hapohapo kwenye ubao, mashua usiikate. Ubao ulichongwa kwa ajili ya mashua yako, mimi ndiye nilikuwa sijui. Nilimbishia Remigi nafasi ya kidole kimoja kwa kujivunia mtu aliyekuwa ananificha watu wazima wawili. Lakini kipimo kilikuwa sahihi. Hilo nalo nitamwachia.

Kaza vibano kabla ya kila safari. Weka na mnyororo wa akiba, ufunge kwenye ubavu wa mashua, injini ikichomoka isizame. Mwera ukianza asubuhi, msitoke. Wewe ndiye mwenye injini, kwa hiyo wewe ndiye wa kusema hatutoki.

Mashua yako ipe jina unalotaka, isipokuwa langu.

Mama yako mwambie maharage hayatakuja tena. Samaki walikuwa wazuri. Hilo siwezi kulikana, nimeshalisema mtaa mzima.

Siku ile ya kunawa nakukumbuka. Nilisema kwa watu, tazameni wageni wa ziwani walivyompenda marehemu, yule kijana analia kuliko ndugu. Nilijivunia wewe.

Usiniite mama. Mama Ignas inatosha, kama ulivyoanza.

Mwambie Ignas mkono ukipona aje. Aje peke yake, kwa basi, akae kwenye kigoda kile cha jikoni aniambie kwa mdomo, mwanzo mpaka mwisho, na asivae viatu vya kamba. Shikamoo yake nitaiangalia akifika.

Misa ya kila mwaka ya baba yenu ni mwezi huu. Kwenye karatasi ya nia sikuandika jina lake. Nimeandika "walioko ziwani". Karani akaniuliza, "Na mzee je, Mama Ignas?" Nikamwambia mzee ana miaka mitatu ya misa zangu, atumie akiba.

Koti sikurudishii. Nimelipeleka kwa Majidi. Amelitandaza mezani, akalitambua, akaniuliza, "Mabega niyasawazishe yote mawili?" Nikamwambia yote mawili. Baridi bado ipo huku. Jana nimelivaa kanisani, nikakaa benchi la mbele.

Linanikaa.

Kunegunda